Ubeti wa Tatu wa Projestus

Jumatatu, 16 Oktoba 1995

Mimi Rutashobya, niliyeishia darasa la nne kwa sababu mwalimu aliishiwa vya kunifundisha, ndiye mtu anayejulikana kuliko wote kati ya Nshamba na Bukoba mjini. Maaskofu wanajulikana, wabunge wanajulikana, lakini hao hawajaimbwa. Mimi nimeimbwa. Ninaandika haya katika daftari la chama cha ushirika lililobaki na kurasa, ili atakayekuja kuuliza asidanganywe na watu ambao hawakuwapo.

Leo tumemzika aliyeniimba.

Projestus, mtoto wa dada yangu Skolastika, miaka ishirini na mbili. Vijana walimwita Emsii Senene, kwa kuwa akishuka mahali kama wale panzi wa kukaanga watu wote hutoka ndani wakamkimbilia, kasoro ndoo tu. Alikuwa anaimba hii rapu, maneno yanakimbizana kama yanadaiwa, Kiswahili na Kihaya humo humo. Jumamosi alikwenda kuimba Kimwani. Wakati wa kurudi mvua ilikuwa imeilainisha barabara, Land Rover ikateleza ikalala ubavu, na spika lake mwenyewe likamwangukia kifuani. Wenzake wametoka na michubuko. Wanasema spika lilikuwa moja. Mimi niliyeliona nasema lilikuwa kubwa kama kabati la sakristia, na huenda yalikuwa mawili.

Katika kibanja hiki cha migomba tuna makaburi saba tangu mwaka wa themanini na sita, na wote saba walikonda kwanza. La tatu ni la Nathanieli, baba yake Projestus. Leo watu walikuwa wanachungulia jeneza, nikamsikia mama mmoja akimwambia mwenzake, "Mawe, mama yangu! Ona mashavu." Mwenzake akajibu, "Huyu amekufa kifo cha zamani." Walisema kwa wivu kidogo. Ndipo tulipofika katika nchi hii: jeneza lenye mashavu linaonewa wivu.

Baada ya udongo kufunika, Mushumbusi, kaka mkubwa wa marehemu Nathanieli, akasimama. Mushumbusi ni mtu mkavu, hata mvua ikimnyeshea halowi. Akatangaza kwamba matanga yataondolewa Jumamosi ya tarehe mbili Desemba, na siku hiyo tutamsikia kijana kwa sauti yake. Kanda zake zote zilikuwa katika boksi ndani ya gari, zimeishia kwenye tope. Imebaki moja tu.

"Iko kwa mjomba wake," akasema. "Si ndiyo, Rutashobya?"

"Iko salama kama roho yangu," nikajibu.

Skolastika aliinua uso akanitazama. Tangu Jumamosi hakuwa amemtazama mtu.

17 Oktoba

Mvua.

Ijumaa, 20 Oktoba

Niandike habari ya huo wimbo, maana vijana wanadhani rapu imekuja kwa meli. Si kweli. Babu yangu alisimama mbele ya Mukama, mfalme wetu, na mkuki mkononi akajisifu: mimi ni fulani, niliyefanya hivi mahali fulani, maadui wakawa hivi. Maneno bila kuvuta pumzi, mguu ukipiga chini. Sisi Wahaya tunaita kwebuga. Nani alimfundisha Projestus kwebuga? Mimi, pale pale uani kwangu, tukimenya ndizi. Akachukua kwebuga akaitia ngoma ya redio. Basi kama kuna mtu aliyeleta rapu mkoa wa Kagera, msitafute mbali.

Ila yeye alikuwa na kitu ambacho babu hakuwa nacho. Babu alijisifu mwenyewe. Projestus alisimama na maikrofoni akamsifu mtu mwingine. Akanisifu mimi:

*Mjomba Rutashobya, mto ulimpisha,*
*Saba walikuja mbio, saba akawarudisha,*
*Mgongoni akanibeba, jua likituwasha,*
*Nikamlowesha shati, wala hakunishusha.*

Hiyo ni vita ya Amin, mwaka wa sabini na nane. Wakati huo Nathanieli alikuwa na duka dogo ng'ambo ya Mto Kagera, upande ule ambao maadui waliuingia. Skolastika alikuwa hospitali ya Bukoba anajifungua, Nathanieli amekwenda naye, na mtoto Projestus, miaka mitano, kaachiwa mimi pale dukani. Yaliyofuata kila mtu anayajua, maana nimewaambia. Nilivuka mto. Niliwarudisha. Na mtoto alinikojolea mgongoni kwa hofu, nami nikasonga mbele na shati limelowa.

Nilipokuwa napita sokoni Nshamba watu walikuwa wanaimba "wala hakunishusha" na kunisogezea kibuyu cha lubisi, pombe yetu ya ndizi. Sijawahi kuombwa nitoke kwenye kiti tangu mwaka jana.

Jumatatu, 23 Oktoba

Nimekaa siku tatu na kalamu. Sasa naandika.

Kanda ninayo. Sauti haimo.

Ilikuwa mwezi wa nane. Nilikuwa nasikiliza wimbo peke yangu, nikaona pale kwenye "saba" kuna upungufu. Mimi nilikuwa nimeshafika kumi na saba katika mazungumzo yangu, na yeye bado yuko saba. Nikasema nitasahihisha hapo tu. Nikabonyeza kile kitufe chekundu pamoja na cha pembeni yake, nikasema, "Si saba, ni kumi na saba." Lakini mtu aliyezaliwa na kwebuga akishapewa kinasa sauti haachi. Nikaendelea. Nikawaeleza na bunduki zao, na kofia zao, na yule mmoja mnene. Nilipoacha, upande mzima ulikuwa umejaa mimi.

Sikumwambia. Nilidhani atarekodi nyingine. Mtu wa miaka ishirini na mbili, nani angedhani hatarekodi nyingine?

29 Oktoba

Uchaguzi. Nimepiga kura. Foleni ndefu, wote wamenisalimu.

Alhamisi, 2 Novemba

Leo ni siku ya marehemu wote. Skolastika alikuja kwangu baada ya misa, amekaa mlangoni bila kuegemea.

"Kaka," akasema, "nisikilize ile kanda kidogo tu. Si wimbo wote."

Nikamwambia betri zimekufa. Akafungua kanga, akatoa betri nne mpya.

Nikamwambia tena kwamba si vizuri kuisikiliza kabla ya siku yenyewe, sauti ya marehemu ikitoka kabla ya matanga kuondolewa inapotea njia. Mila hiyo nimeitunga hapo hapo mlangoni. Aliiamini, au alinihurumia. Akaziacha betri mezani. Ziko hapa, zinanitazama.

Dada yangu amezika mume na watoto wawili, huyu wa tatu. Katika wote, hakuna aliyeacha sauti isipokuwa Projestus.

5 Novemba

Mushumbusi kanikuta njiani. "Kanda ipo?" Nikasema ipo. "Kwa hiyo tutasikia vizuri siku hiyo namna ulivyopigana." Akacheka puani, akaenda zake na jembe. Mtu huyu hajawahi kuniamini. Ni wivu.

Jumatano, 8 Novemba

Nimekwenda Bukoba kwa Mustapha. Huyu ni kijana wa mjini, watu wake wamekuwa pale tangu enzi za babu zao waliotoka pwani, ana kibanda cha kurekodi kanda karibu na soko. Ndiye aliyemrekodi Projestus akiimba mbele ya watu. Nilikuwa na tumaini kwamba ana nyingine.

"Shikamoo mjomba. Karibu, poleni sana."

"Marahaba. Mustapha, mtu mwenye akili kama wewe hawezi kukosa nakala."

"Sina, mjomba. Kanda tupu zilikuwa shida, zote nilimpa apeleke Kimwani. Lakini si wewe unayo?"

Nikaitoa mfukoni. Nikamwambia isikilize. Nikajifanya natazama picha za wanamuziki ukutani.

Akaitia. Sauti yangu ikatoka kubwa, maana mashine zake ni nzuri. Kumi na saba. Yule mnene. Wateja wawili wakaanza kucheka, Mustapha akawatoa nje na akafunga mlango. Tukasikiliza mpaka mwisho, na sijawahi kujiona mrefu wa maneno namna ile. Nilianza kutamani nijinyamazishe.

Halafu mlio wa kukatika, tak. Na nyuma yake, sauti ya Projestus akifunga wimbo kwa kurudia mwisho wa ubeti wa kwanza, kama alivyozoea: *"...wala hakunishusha."* Watu wakapiga makofi. Ikaisha.

Niliacha kurekodi kabla upande haujaisha. Maneno mawili yamenusurika.

Mustapha akarudisha nyuma, akasikiliza tena, akarudisha tena. Mara ya nne akajifuta macho na kiwiko. Nilingoja anitukane. Ningependa anitukane.

"Mjomba, sasa kanda ni wewe," akasema. "Utasimama uyaseme. Unayajua yote?"

"Mimi? Beti zote mbili, hata nikiwa usingizini."

"Ziko tatu."

"Mbili."

"Tatu, mjomba. Ule wa tatu alikuwa anausubirisha mpaka uondoke. Mimi naujua mwanzo na mwisho tu. Wote anao Kezia."

9 Novemba

Nimerudi. Sijalala vizuri, viroboto wa nyumba ya wageni. Ubeti gani huo usiosikika mbele yangu?

Jumatatu, 13 Novemba

Kezia ni fundi cherehani, anakaa Kagondo. Projestus alikuwa tayari amepeleka barua ya posa kwao. Mimi ndiye niliyeiandika, na kwao waliikubali kwa ajili ya mwandiko. Nimemkuta anashona sare za shule. Hakuacha kukanyaga cherehani aliponiona, akasema tu, "Karibu mjomba, kaa hapo penye vitambaa."

Nikamweleza habari ya kanda. Yote. Nilipofika penye kumi na saba mguu wake ukasimama.

"Alijua," akasema.

"Alijua nini?"

"Kwamba umeifuta. Mwezi wa tisa alikuja kwako ukawa shambani, akaisikiliza. Alirudi hapa anacheka mpaka akakaa chini. Alisema, 'Kezia, mjomba ameongeza kumi!'"

Alijua, na mwezi mzima alikuwa anakula kwangu, ananiita mjomba mshujaa, hakusema neno.

Nikamwomba ubeti wa tatu. Akanitazama kwanza, kama fundi anayempima mtu kwa macho.

"Nitakupa kwa sharti. Useme zote tatu au usiseme kabisa. Usimkate tena."

Nikaapa. Akausema taratibu, kwa sauti ya chini, sindano mdomoni:

*Bunduki hakuwa nayo, mjomba alikimbia,*
*Kofia ikaanguka, hata hakuirudia,*
*Wenzake walitupa mizigo ili kukimbia,*
*Mzigo wake ni mimi, akanishikilia.*

Nilinyanyuka nikaondoka bila kuaga. Mtu wa umri wangu.

14 Novemba

Sitausema. Nimelea mtoto, nimemfundisha maneno, na maneno hayo hayo ameyatumia kunivua nguo mbele ya watu wa Bukoba. Kwa hiyo wote walikuwa wanajua! Mjini kote! Nilikuwa napita Bukoba nimeinua kidevu, nao wanasema, huyo, aliyekimbia.

15 Novemba

Sitausema.

16 Novemba

Mvua ya mawe. Migomba sita imelala.

Jumapili, 19 Novemba

Baada ya misa watu walinizunguka. "Mjomba, tumesikia spika zinatoka Bukoba!" "Mjomba, siku hiyo utavaa kofia?" Nikawaambia habari za vita kidogo. Nilipofika mtoni nikasikia mdomo wangu unasema "kumi na saba" na nikakumbuka mashine ya Mustapha. Nikakatisha. Wakadhani ni majonzi.

Mwaka huu nimehesabu waliokuwa wananisikiliza zamani pale nje ya kanisa: Rugambwa hayupo, mkewe hayupo, vijana wa fundi baiskeli wote watatu hawapo. Ugonjwa umewachukua hadithi zangu zikiwa masikioni mwao. Nani anajua lini walikuwa wananiamini, na lini walikuwa wananivumilia?

Jumatano, 22 Novemba

Nimeusema ule ubeti kwa sauti, shambani, nikidhani nausema ili niuone ulivyo mbaya. Nimeusema mara nane. Mguu ulianza kupiga chini wenyewe.

Nitaandika kilichotokea, kwa kuwa daftari ni langu.

Mto nilivuka. Ila sikuwahi kusema nilikuwa naelekea wapi. Nilikuwa natoka kule walikoingia, nakuja huku. Mizinga ilianza kabla ya chai. Watu wakajaa barabarani, mtu ana godoro, mtu ana cherehani, mtu anaburuta mbuzi. Kadiri milio ilivyokaribia ndivyo vitu vilivyotupwa. Mimi nilikuwa na mtoto wa dada yangu mgongoni, nimemfunga kwa shuka. Nilikimbia darajani, nilikimbia baada ya daraja, nilikimbia hata mahali ambapo watu walikuwa wamekaa wanapumzika na wananiambia, "Bwana, tumeshafika, kaa." Sikumwona adui hata mmoja. Saba hao ni wa kwangu.

Sasa tazama alivyofanya huyu mtoto. Nilikuwa nimempa saba wa uongo, akawatia ubeti wa kwanza kwa heshima, nifurahi, nipate lubisi. Halafu akachukua kitu nilichokuwa nakificha, kile kile cha aibu, akakigeuza akakiweka juu ya wale saba. Mzigo wake ni mimi. Babu yangu alijisifu mbele ya Mukama kwa watu aliowaua. Hakuna katika ukoo wetu aliyewahi kusifiwa kwa mtu ambaye hakumtupa.

Nilimfundisha kwebuga, hilo sitalirudisha. Lakini huu ubeti asingeweza kunifundisha mimi angali hai, nisingemwacha amalize.

26 Novemba

Nakariri. Nimemwandikia Kezia barua ya kuomba radhi kwa kuondoka vile. Kurasa tatu. Nimepunguza zikawa mbili.

30 Novemba

Senene wameanza kushuka. Watoto wako nje na ndoo, wanapiga kelele jina la mdudu na jina la mtu kwa pamoja: Senene! Senene! Skolastika amefunga mlango.

Jumamosi, 2 Desemba

Watu walijaa mpaka kwenye migomba ya jirani. Nasema elfu mbili. Mushumbusi anasema mia mbili na ana ushahidi wa sahani.

Mustapha alifika na spika, na Kezia amevaa nguo nyeusi aliyoishona mwenyewe. Baada ya sala Mushumbusi akasimama. "Sasa tumsikilize kijana wetu. Rutashobya, leta kanda."

Nikaenda mbele na kanda mkononi. Skolastika alikuwa amekaa kwenye mkeka, ameinua uso kama siku ile ya mazishi. Huo uso ndio ulionipa kazi.

Nikasema, "Kanda hii nimeifuta mimi. Nilitaka kuongeza maadui."

Nyuma kabisa mtu akasema, "Ameongeza wangapi?" Nikasema kumi. Wakacheka, halafu wakakumbuka ni msiba, wakanyamaza. Skolastika hakucheka. Aliinamisha kichwa polepole, na hiyo ndiyo adhabu niliyopewa, nimeipokea.

"Lakini maneno ninayo yote," nikasema. "Zamani mjomba alikuwa anasimama akamsemea mwihwa wake, mtoto wa dada. Nami nasimama."

Mustapha akanipa maikrofoni. Nilikuwa nimekata fimbo ya kushika badala ya mkuki, nikaiweka chini; maikrofoni inatosha mkono mmoja. Mguu ukaanza. Ubeti wa kwanza wakaimba na mimi, wote, hadi watoto. Wa pili, ule wa mama yake anayepalilia na kuhesabu makaburi kama mashina ya migomba, wanawake wakalia. Walidhani nimemaliza. Kwao wimbo huwa unaishia hapo.

Nikavuta pumzi nikamwangalia Kezia. *Bunduki hakuwa nayo, mjomba alikimbia.*

Nilisikia watu wanageukiana. Niliona Mushumbusi ameacha mdomo wazi, mtu aliyeisubiri siku hii miaka kumi na saba. Niliendelea. Nilipofika *mzigo wake ni mimi* sauti ilinikatika, nikalazimika kurudia, na pale nilipotaka kurudia Kezia alikuwa ameshalisema, na Mustapha pia, wakamalizia wao: *akanishikilia.*

Mustapha akabonyeza mashine. Kutoka kwenye spika, Projestus mwenyewe, karibu kama yuko nyuma ya mgomba: *"...wala hakunishusha."* Makofi ya watu wa Bukoba. Tak.

Skolastika akapiga kigelegele kimoja. Kimoja tu, kirefu, mama mwenye msiba. Kisha wanawake wote wakaitikia.

Mushumbusi alinijia. Nilijiandaa. Akanipa mkono, akasema, "Miaka yote nilikuwa nakuona mwongo. Kumbe ulikuwa unaficha kitu kizuri." Akafikiri. "Ila mwongo ni mwongo, waitu, ndugu yangu." Tumekunywa kibuyu kimoja.

Watu walipotawanyika Skolastika alikuwa anaosha sahani. Nikamwomba radhi kwa ile sauti. Aliendelea kuipangusa sahani mpaka ikakauka mikononi mwake.

"Nimesikia maneno mawili," akasema. "Nilidhani sitasikia hata moja." Halafu akasema, bila kunitazama, "Kaka, siku ile ulipomleta hospitali, nguo nilizifua mimi. Za mtoto na zako."

Akaingia ndani.

Jumapili, 3 Desemba

Senene wengi leo. Kezia amebaki kumsaidia Skolastika kuwakaanga.

Katika ubeti wa kwanza kuna kosa moja zaidi, na siwezi kulisahihisha kwa kitufe chochote. Ile habari ya mtoto kunikojolea nimeisimulia miaka kumi na saba, shuleni wakamwita kikojozi mpaka darasa la saba, na alipokua akaitia katika wimbo kwa mdomo wake mwenyewe, akacheka na wanaocheka. Alikuwa na miaka mitano, si mtoto wa kusahau.

Siku ile shati langu lilikuwa kavu. Ni suruali yangu iliyolowa.